Gunia lilipata kitambulisho, mwenye kurudi akabaki mlangoni: historia fupi ya mgodi wa Kalimbi



Mu mikutano ya mutualite yetu kuko swali moja lenye halikose. Mtu anasimama na kusema: «Tulirudi kwetu, lakini fasi tulikuwa tunalima leo kuko mashimo. Wenye kuchimba wanatuambia mchanga wao ni safi, uko na etiketi. Kama mchanga ni safi, sisi tunagombana juu ya nini?» Komite iliniomba nieleze ile mambo ilitoka wapi. Nimekubali, juu kazi yangu ya ONG inanipeleka mara nyingi mu vijiji vya migodi, na ninaona kama watu wengi wanajua mwisho wa hadisi bila kujua mwanzo wake.

Nitashikilia mgodi mmoja: Kalimbi, pale Nyabibwe, upande wa Mbinga-Nord, sheferi ya Buhavu, teritware ya Kalehe, kwenye barabara ya Goma na Bukavu. Mchanga wa pale ni kasiterite, ile jiwe zito lenye linatoa bati, na bati njo inaunganisha vyuma vidogo vya ndani ya telefone na radio. Kati ya migodi ya Kivu, Kalimbi njo ilitangulia wengine kwa mambo ya etiketi. Mwenye kuelewa Kalimbi ataelewa pia mambo ya Numbi, ya Rubaya na ya Bisie.

Udongo wa juu na jiwe la chini

Kwa desturi ya Buhavu, mtu alipata shamba kwa mwami ao kwa mwakilishi wake, akitoa kalinzi: ngombe, mbuzi, na baadaye franga. Kalinzi haikuandikwa. Ushahidi wake ulikuwa watu: wazee wenye waliona ngombe ikipita, majirani wa mpaka, mti wenye ulipandwa kwenye kona. Wakati mashahidi wako hai na wako pale, shamba liko na mwenyewe.

Serikali ilifuata njia ingine. Wakoloni walitenganisha udongo wa juu na mali ya chini, na ile ya chini wakaigawia makampuni. Kisha uhuru, sheria ya Bakajika ya tarehe 7 mwezi wa 6 1966 ilirudisha udongo na mali ya chini mikononi mwa nchi. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 mwezi wa 7 1973 ikasema ardhi yote ni ya serikali, hata ile wanavijiji wanaikalia kwa desturi. Juu ya haki za wale wanavijiji, kifungu cha 389 kilisema zitapangwa na amri ya raisi. Ile amri haikutoka mpaka leo.

Mushike vizuri hii neno, juu mengine yote yanatokea pale. Shamba moja liko na mwenye desturi na mwenye sheria. Siku jiwe linaonekana chini, anakuja mtu wa tatu na karatasi ya mgodi. Wote watatu wanaweza kusema «ni yangu», na hakuna mwenye anadanganya.

Kampuni iliondoka, chepeo ikabaki

Mwaka 1976 makampuni madogo ya bati na dhahabu ya Kivu na Maniema yaliunganishwa, yakazaa SOMINKI. Wazee wetu wangali wanaikumbuka: mshahara, nyumba za kampuni, hospitali, masomo ya watoto. Lakini mwaka 1982 Mobutu aliruhusu raia kuchimba na kuuza dhahabu na almasi, na kutoka hapo watu walianza kuona kuchimba kwa mikono kama kazi ya kila mtu. Mwezi wa 10 1985 bei ya bati ilianguka kule London, juu muungano wa nchi wenye ulikuwa unaishikilia ulikosa franga. SOMINKI haikuinuka tena. Mwaka 1997 ilifungwa, na SAKIMA ikaundwa kuchukua fasi yake kwa karatasi.

Kwa karatasi, nasema, juu mu milima hakukuwa tena bosi. Mwenye alikuwa na namba ya kampuni alichukua nyundo yake na chepeo yake, akarudi mu mlima ule ule, akachimba kwa mkono. Mtoto wake akamufuata. Njo vile kazi ya wachimbaji wa mikono ilizaliwa huku kwetu: ilitoka kwa njaa na kwa kampuni yenye ilikufa, mbele hata ya vita kufika.

Vita ilikuta swali tayari

Wengi ng'ambo wanasema vita ya Kivu ilitoka kwenye mchanga. Sisi wenye tuliishi tunajua kama hapana. Vita ya 1993 ya Masisi ilianza kwa ardhi, kwa uraia na kwa utawala. 1994 ilileta wakimbizi wa Rwanda, 1996 ikaleta AFDL, 1998 ikaleta RCD. Mchanga uliingia ndani kama petroli kwenye moto wenye ulikuwa unawaka.

Ile petroli ilikuwa mingi. Mwisho wa 2000 bei ya koltani ilipanda mara nyingi mu miezi michache tu. Mwezi wa 11 2000 RCD iliipa kampuni moja, SOMIGL, haki ya kuuza koltani yote ng'ambo, na ile haki haikumaliza hata mwaka. Mu 2001 bei ikashuka. Mwezi wa 4 ya ule mwaka, wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walitoa ripoti yao ya kwanza yenye ilionyesha dunia namna majeshi yanakula kwenye mali ya Kongo.

Wakati ule sisi tulikuwa wapi? Wengi walikuwa mu kambi, ao kwa ndugu, ao ngambo ya mpaka. Nyuma yao shamba lilipata wenyewe wapya kwa njia tatu. Kuko wenye walibaki kijijini na wakaanza kuchimba juu watoto walikuwa na njaa. Kuko wenye waliuziwa na chefu, na franga walilipa kweli. Kuko pia wenye walipewa na watu wa bunduki. Kisha miaka kumi, wote watatu wako na nyumba pale, wako na watoto wenye walizaliwa pale. Na mashahidi wa kalinzi, wengine wamekufa, wengine wametawanyika. Mwenye kurudi anafika na haki yake bila mtu wa kuisemea.

Bisie, mu Walikale, ilionyesha ule ugonjwa kwa ukubwa. Mchanga ulionekana pale mwanzo wa miaka ya 2000, ndani ya pori, na wapagazi walibeba magunia kwa miguu siku mbili mpaka kwenye barabara. Familia zenye pori, kampuni yenye permi, na kikosi cha 85 cha FARDC, chenye hakikuchanganywa bado na wengine, wote walikuwa pale. Wenye bunduki njo walikula zaidi.

Mwaka wa barua mbili

2010 ilileta barua mbili zenye zilibadilisha maisha ya kila mchimbaji.

Ya kwanza ilitoka Marekani. Tarehe 21 mwezi wa 7, raisi Obama alitia sahihi sheria ya Dodd-Frank. Ni sheria ya mabenki, lakini kifungu chake cha 1502 kinaomba makampuni makubwa ya kule yaseme wazi kama bati, tantale (yenye inatoka ndani ya koltani), tungsteni na dhahabu yao inatoka Kongo ao kwa majirani wake, na kama imelisha vikundi vya silaha. Sheria haikukataza kununua. Lakini mnunuzi mwenye anaogopa hanunui.

Ya pili ilitoka kwetu. Mwezi wa 9, raisi Kabila alisimamisha uchimbaji wote wa mikono mu Nord-Kivu, Sud-Kivu na Maniema. Mwezi wa 3 2011 akafungua tena. Lakini mwezi wenye ulifuata, viwanda vyenye kuyeyusha bati na tantale ng'ambo vilianza kukataa mchanga wowote bila etiketi. Mlango wa ndani ulifunguliwa, na wa nje ukafungwa.

Pale Nyabibwe, soko njo lilionyesha uchungu. Mgodi unalisha mchimbaji, na mchimbaji analisha mama wa foufou, kijana wa moto, mwalimu mwenye analipwa na wazazi, mwenye duka la msumari na bati la nyumba. Hakuna mtu aliwauliza. Vijana wengine walifuata dhahabu, juu dhahabu inapita mu mfuko wa suruali na haiombi etiketi. Wengine walichimba usiku, na mchanga wa usiku uko paka na mnunuzi mmoja: mwenye anaweza kuupitisha kwenye barieri. Kwa kawaida ule mtu ana bunduki ao ana rafiki mwenye bunduki. Sheria ya kumutoa askari kwenye mgodi, kwa fasi zingine, ilimurudishia mlango wa nyuma.

Namna etiketi inafanya kazi

Mbele ya kusema mazuri na mabaya yake, tueleze kitu chenyewe.

Viwanda vya bati na vya tantale vya dunia viliunda mpango wenye unaitwa iTSCi. Majaribio yake ya Kivu yalianza Kalimbi mu 2010, na amri ya mwezi wa 9 ikayakata. Kisha, mwezi wa 10 2012, Kalimbi ilianza tena kwa musaada wa serikali ya Uholanzi na makampuni kama Philips na Tata Steel, na kiwanda cha Malaysia kikakubali kuyeyusha mchanga wake. Gunia la Kivu lilikuwa tena na njia ya halali.

Inaenda hivi. Mchanga unatoka kwenye shimo, unaoshwa, unapimwa. Ajenti wa serikali, wa SAESSCAM (leo inaitwa SAEMAPE), anafunga gunia na etiketi ya mgodi yenye namba, anaandika kilo mu kitabu. Negosia ananunua; kwake ajenti wa idara ya migodi anaweka etiketi ya pili. Gunia linafika kwa kontware, wanalinganisha namba na kilo, kisha linatoka nchini. Franga za huo mpango zinatoka kwa mwenye kuuza ng'ambo, na kila mtu anajua kama yeye anazikata kwa negosia, negosia kwa PDG wa shimo, na PDG kwa mchimbaji.

Mbele ya etiketi, mgodi wenyewe lazima upewe rangi. Ujumbe wa serikali, Umoja wa Mataifa, wanunuzi na sosiete sivile unapita. Kijani: hakuna vikundi vya silaha, hakuna watoto, hakuna wamama wenye mimba mu kazi. Manjano: kuko makosa ya kurekebisha. Nyekundu: imefungwa. Hii rangi inatoka kwa sheria za Kongo na kwa makubaliano ya CIRGL, yenye maraisi wa nchi 11 walitia sahihi Lusaka tarehe 15 mwezi wa 12 2010.

Faida ilionekana. Kwenye migodi ya etiketi, askari wenye walikuwa wanasimama mdomoni mwa shimo walipungua. Wachimbaji walipata karte na koperative. Kukawa vitabu vyenye kuandikwa kilo, na mtu aliweza kuuliza. Sitaki mtu aseme nimeandika kama etiketi ni bure.

Swali lenye etiketi haikuuliza

Lakini muangalie tena ule ujumbe na rangi zake. Unauliza kama kuko bunduki. Unauliza kama kuko mtoto. Hauulize: hili shimo liko mu shamba la nani? Mwenyewe alikubali? Alilipwa? Ao alikuwa mu kambi ile siku wanaanza kuchimba?

Sheria ya migodi ya tarehe 11 mwezi wa 7 2002, na ile ya 2018 yenye iliirekebisha, zinasema wazi kama mwenye kuchimba lazima alipe mwenye kukalia ardhi juu ya mimea na hasara yake. Lakini ile malipo haina etiketi. Gunia linaweza kutoka kijani, na namba zote sawa, huku mjane mwenye shamba hajapata hata kilo moja ya chumvi.

Kuko jambo lingine lenye linaniumiza mu kazi. Makubaliano ya tarehe 23 mwezi wa 3 2009, kati ya serikali na CNDP, yalileta komite za upatanisho, CLPC, zenye kazi yake ni kupokea wenye kurudi na kusikiliza mambo ya mashamba. Kisha mpango wa etiketi ulileta komite za ufuatiliaji, CLS, zenye kazi yake ni mgodi. Fasi nilipita, niliona komite mbili za kijiji kimoja, kila moja na daftari yake na ONG yake, hazikai pamoja. Moja inashika shamba, ingine inashika shimo, na shamba na shimo ni udongo ule ule.

Pale Kalimbi, koperative mbili, COMIKA na COMBECKA, ziligombania mashimo chini ya etiketi zile zile. Rubaya, mu 2013, kampuni yenye permi na koperative ya wachimbaji COOPERAMMA waliandika protokoli, na etiketi zikafika mu 2014. Ugomvi wa nani auze kwa nani haukuisha. Jiwe lilikuwa na karatasi, watu hawakuwa na mapatano.

Na karatasi bila mapatano inauzwa. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliandika mara nyingi namna etiketi zinahama kutoka mgodi wa kijani mpaka kwenye mchanga wa fasi ingine. Mwaka 2022 Global Witness ilitoa ripoti nzito juu ya hiyo, hata upande wa Nzibira, iTSCi ilikana. Kila mtu ahukumu mwenyewe. Mimi nasema paka hivi: kijana mwenye hana shimo, hana karte na hana shamba, ukimupa dola kidogo ili abebe mchanga usiku, atakataa kwa nguvu gani?

Wamama nao waliumia. Sheria inakataza mwenye mimba. Kwa fasi zingine, wenye kuogopa kupoteza rangi ya kijani walifukuza wanawake wote, hata wenye kuosha mchanga na wajane wenye hawana kazi ingine.

2024 na 2025

Mwisho wa mwezi wa 4 2024 Rubaya iliingia mikononi mwa M23. iTSCi ilisimamisha kazi yake mu Masisi. Mwezi wa 9 ya ule mwaka, mjumbe wa Umoja wa Mataifa mu Kongo, Bintou Keita, aliambia Baraza la Usalama kama kodi ya mchanga wa Rubaya inaleta karibu dola 300.000 kila mwezi. Mwanzo wa mwezi wa 2 2025 Nyabibwe nayo ikachukuliwa, siku chache mbele ya Bukavu. Ule mwezi waziri wa migodi alitia migodi ya Masisi na ya Kalehe kwenye rangi nyekundu.

Kwa hiyo miaka kumi na miwili ya kazi, kutoka ile ya 2012, ilifutwa kwa siku chache. Etiketi haiwezi kusimama mbele ya bunduki. Haikutengenezwa kwa ile. Lakini kuko kitu chenye kinabaki wakati ma-ONG yanakimbia na ajenti anafunga ofisi: maneno yenye majirani walipatana wao kwa wao, na watu wenye wanaweza kuyashuhudia.

Tufanye nini kama mutualite

Sileti amri. Naleta yale historia inatufundisha, komite itaamua.

Ya kwanza: tuandike mashahidi wetu sasa. Kila familia yenye ilirudi itaje shamba lake, mipaka yake, nani alipokea kalinzi, nani aliona. Wazee wangali hai, lakini si kwa siku nyingi. Daftari ya mutualite inaweza kufanya kazi yenye amri ya raisi haikufanya tangu 1973.

Ya pili: fasi kuko shimo mu shamba, tutafute mapatano mbele ya kutafuta tribunali. Mwenye shamba, PDG wa shimo, chefu na mashahidi wakae, waandike sehemu ya mwenye shamba, muda wa kuchimba, na nani atafunika shimo. Mwenye alinunua kwa chefu kwa nia nzuri naye asikilizwe. Tukimufukuza kwa nguvu, kesho mtoto wake ataturudilia na silaha.

Ya tatu: siku komite za mgodi zitafunguliwa tena, wenye kurudi waombe kiti ndani, na komite ya mashamba na komite ya mgodi zikae siku moja, mezani moja.

Ya ine: vijana wetu waingie mu koperative yenye kujulikana na watafute karte. Sheria ya 2018 inataka hivyo, na mtu wa inje ya koperative hana wa kumusemea. Wasibebe mchanga wa usiku, wasiuze etiketi. Na wamama wasitolewe kwa jina la mimba yenye hawana.

Mpango mwingine wa mchanga safi utakuja, juu dunia inataka bati na koltani, na wenye kununua wataomba tena karatasi. Ile siku watauliza: kuko bunduki? kuko watoto? Sisi tuwe tayari kuwaongezea swali la tatu, na daftari mkononi.

Wenye wanataka kuanza kuandika mashamba yao wafike kwa sekretere wa mutualite, na waje na mzee mmoja mwenye kujua mpaka. Mungu awalinde, na tuonane kwenye mkutano.